Fundo Moja la Kitenge

Niambie, umewahi kumwona mama akifunga kitenge kwa fundo moja tu, fundo la kufunguka haraka, halafu akatoka hivyo kwenye baridi?

Kahambu alitoka hivyo Jumapili asubuhi, kutoka jengo lao la Anderlecht. Kitenge chenyewe kilikuwa cheusi chenye majani ya kijivu, kile alichovaa walipomzika mume wake kule Butembo. Chini yake alivaa suruali ya sufu na soksi mbili mbili, maana baridi ya Brussels haijali mtu amekasirika kiasi gani.

Kwao, mama akisimama mbele ya aliyemuulia mtoto na kukifungua kitenge chake, basi yule mtu amekwisha. Kila atakachokigusa kitaharibika. Hakuna maji ya kuliosha jambo hilo, wala sala.

Papa Anaclet, jirani wa mlango wa pili, mwimbaji wa sauti nene kanisani, alimfuata mpaka kwenye metro, akaketi kando yake bila kukaribishwa.

“Maman Kahambu, leo ni dimanche. Twende kwanza tuombe.”

“Mungu ananijua, ataningojea. Treni ya kutoka Cologne haimungojei muntu.”

“Bon, lakini ule Muzungu anafanya tu kazi yake.”

“Kazi ya kuua batoto ya wenzake?”

Anaclet alivua kofia, akaiweka magotini.

Éliézer, kitindamimba wa Kahambu, alikwenda Ujerumani kutafuta kazi, na Mzungu huyo, Mjerumani, ndiye aliyempa. Juma lililopita, kule Forest, mtaa wa jirani, Kahambu alimwona mwanawe kwa macho yake mwenyewe: mgeni peke yake katikati ya watu wa kiwanda, koti limechanika begani, kichwa hakina kofia. Wenzake wote waliinama mbele ya tajiri. Yeye alikataa. Akapigwa risasi, akaanguka kwenye theluji mdomo wazi, na hakuna aliyekuja kumfumba macho.

“Watu walikuwa wamejaa pale,” Kahambu alisema. “Wamekaa, wanaangalia. Hata mumoja hakuinuka! Nikapiga yowe, wakaniambia ninyamaze. Na ule Mujerumani, kisha wakamupa maua. Maua, Papa Anaclet! Na weye ulifanya nini?”

“Mimi... kulikuwa giza, maman.”

“Ulikuwa unatafuna.”

Mwanamke wa kiti cha mbele aligeuka kuwatazama. Anaclet akashusha sauti.

“Alors, utamufungulia kitenge mbele ya watu yote ya gare?”

“Mbele yao yote. Tangu siku ile silali. Nikifunga macho ninaona ile theluji. Ninataka mikono yake ikauke, asinyooshe tena kidole kusema, huyu afe.”

Walishuka kituo cha treni cha Gare du Midi. Soko la Jumapili lilikuwa limepamba moto, kuku wanazunguka kwenye moto wakidondosha mafuta, zeituni zimejaa ndoo kwa ndoo. Muuza nanaa alimwita Kahambu kwa jina, kama kila Jumapili. Kahambu hakugeuka. Alipanda ngazi hadi kwenye reli, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine kwenye fundo, na Anaclet nyuma yake akihema.

Treni iliingia. Watu wakateremka na masanduku yao, wakakumbatiana, wakapungua. Kisha akatokea Mjerumani, mwembamba, skafu nyekundu shingoni, miwani imepandishwa kwenye paji la uso. Alimtambua Kahambu, yule mama aliyepiga yowe kule Forest. Akatabasamu, akanyoosha mkono amsalimie.

Kahambu hakuupokea. Vidole vyake viwili viliingia kwenye fundo, vikaanza kulilegeza. Anaclet akafunika macho kwa kofia.

“Maman! Non! Si kitenge!”

Aliyeita alikuwa kijana mrefu, akiruka kutoka behewa lile lile, sanduku mkononi, koti zima, vifungo vyote vimefungwa.

“Simama kando, Éliézer,” Kahambu alisema bila kumtazama. Fundo lilikuwa bado katikati ya vidole vyake, limebakiza kidogo tu. Akamwambia Mjerumani kwa Kifaransa, polepole, neno moja moja: “Katika filamu zako zote, mgeni akikataa kuinama, unamuua. Nataka katika hii mpya unayoitengeneza umuue tajiri. Huyu wangu abaki hai mpaka taa ziwake.”