Pazia la Wodi

Nerea alipofunua buibui la yule mjamzito wa Chundwa, mkono wake ulirudi umelowa damu hadi kwenye kifundo.

Asubuhi alikuwa amempima joto, akamuuliza kama anatokwa na damu. Mwanamke aliinamisha uso. "Kidogo tu," alisema.

Benchi la mbele yao lilijaa wanaume waliokuwa wakisubiri dawa. Pazia halikuwapo, lilikuwa limechukuliwa kupamba jukwaa la kumpokea mkubwa kutoka Nairobi. Serikali ya uhuru ilikuwa na jukwaa, haikuwa na kitambaa cha pili. Nesi mmoja, wagonjwa arubaini. Nerea hakumfunua. Kwenye fomu, palipoandikwa "Amekaguliwa mwili", alitia alama ya ndiyo.

"Ulimuuliza mbee ya waume, Bi Nesi," alisema sasa mama wa mgonjwa, kando ya kitanda. "Ulitaka akwambie nni?"

Nerea alitafuta mapigo ya moyo kwenye mkono uliopoa. Hayakuwapo.

"Lete hiyo fomu!" daktari alifoka mlangoni. "Nimjue mzembe ni nani."

Nerea alichomoa kalamu, akaikata ile alama, akaandika kwa herufi kubwa: SIKUMFUNUA. PAZIA LIKO JUKWAANI.

Kisha akampelekea daktari.