Dawa ya Roho

"Mama Mounira, ule bwana yako angali anakuja?" Jirani yake Waridi alimuuliza kutoka upande wa pili wa ua, mchi mkononi.

"Kila alfajiri," alijibu Mwanvua, akitengeneza kitambaa kichwani. "Anaanzia mugongo, anapanda mpaka mataya, kisha anakaa kifuani. Unajua uzito yake."

Waridi aliujua. Kasongo nzima ilimjua Iliasi, mume wa Mwanvua, ambaye shimo la dhahabu lilimfunika kule Salamabila, na mpaka leo hajafukuliwa.

"Kunywa kombe, dada, maji ya kuoshea aya."

"Kombe? Nilisha kunywa mpaka tumbo yangu inaweza kusomwa kama juzuu!"

Wakacheka. Lakini Mwanvua alizidi kuchoka. Ndoo ya maji aliitua njiani kila mara. Ndipo binti yake Mounira akampandisha pikipiki mpaka hospitali. Muuguzi Apolline akamsikiliza kifua kwa muda mrefu.

"Ni roho, mama. Inapiga, lakini haipate damu ya kutosha. Kwa sisi wanamuke inajificha: mugongo, mataya, uchovu. Watu wanasema ni huzuni tu." Akampa kichupa. "Ikikukamata, weka kidonge kimoja chini ya ulimi. Ukiiacha, itakuua."

Mwanvua alishika lile neno la kwanza. Kwamba ni roho, hata yeye alijua. Alijua mpaka jina lake.

Alfajiri iliyofuata akaweka kimoja. Adhana haijaisha, kifua kikawa chepesi.

"Inamufukuza kweli," alimwambia Waridi. Waridi akapiga vigelegele. Mwanvua akageuka, akaingia ndani.

Tangu hapo kila kichupa kilipokwisha, Mounira alileta kingine.

Asubuhi moja akamkuta mama yake amejikunja kitandani, jasho linamtiririka. Kichupa kitupu. Mounira akapapasa rafu, akaangusha kofia ya marehemu baba yake. Vidonge vikamwagika chini kama mchele, vya miezi yote.

"Mama! Haukuwa unaweka?"

"Nikiweka, anaenda." Sauti ilikuwa ndogo. "Baba yako hana kaburi, mutoto wangu. Alale wapi?"

Mounira akapiga magoti, akaokota kimoja. Akakisogeza mdomoni mwa mama yake.

"Na mimi, unaniachia nani?"

Mwanvua akamtazama. Kisha akafungua kinywa, akainua ulimi.

Iliasi akainuka kifuani pake, akatoka.