Waya wa Simu ya Mtoni

Askari alimkuta mbuzi wa Somoe amefungwa kwa waya mweusi. Aliupapasa polepole. Ulikuwa waya wa simu, uliovutwa porini kutoka kambini hadi kwa walinzi wa mto Ruvuma. Jana walinzi hao walishambuliwa, wakapiga simu isiite. Wawili walikufa.

"Nani kaukata?"

Somoe alimtazama mumewe. Alikuwa amemwonya asiukate, akaambulia kofi. Shavu bado lilimuuma.

"Mke wangu huyu, afande," mume alisema upesi. "Namkataza, hasikii."

Somoe aliingia ndani, akarudi na koti la mgambo la mumewe, zito kwa waya uliojaa mifukoni, akamkabidhi askari.

"Pekua na mfuko wa ndani, afande," alisema. "Koleo lake la kukatia waya limo."