Sauti ya "Kofia ya Aprili"

Jina la mama yake lilikuwa limefutwa tena.

Roslyn Hruska alisukuma kikombe cha kahawa kando, akasogeza uso karibu na kompyuta. Makala ya "Kofia ya Aprili", wimbo wa filamu ambao kila nyumba ya Marekani inaujua, ilikuwa imerudishwa ilivyokuwa kwenye kamusi elezo ya mtandaoni: umeimbwa na Maxine Delorme. Chini yake mhakiki, mtu asiyejulikana aliyejiita Bubu, aliacha neno lake lile lile.

"Chanzo?"

Kamusi hiyo, ambayo yeyote anaweza kuihariri, ina ukaidi wake. Hata ungekuwepo studio siku ile, neno lako si kitu mpaka liwe limechapishwa mahali. Na nani angelichapisha? Ardith, mama yake Roslyn, aliuimba akiwa amefichwa, akalipwa, akaambiwa anyamaze. Maxine alisimama mbele ya kamera akafungua mdomo, akawa nyota. Jarida moja lilipothubutu kusema ukweli, mawakili wa Maxine walilibana mpaka likafunga milango.

Sasa Ardith alikuwa amelala chumba cha pili na mtungi wake wa oksijeni. Alikuwa na ombi moja tu: alione jina lake kwenye wimbo wake kabla hajafumba macho.

Roslyn alilirudisha jina. Majibu hayakuchelewa.

"Lile onyesho la wimbo pale ngazini lilipigwa picha mara tatu, si mara moja kama ulivyoandika. Rekebisha." Kisha: "Huyu Ardith ni nani kwako?"

Alifikiria kudanganya, akashindwa. "Ni mama yangu," aliandika. "Hana siku nyingi."

"Bado mpo Burbank? Nyumba ile ile yenye mlimau?"

Roslyn alifunga kompyuta kwa nguvu. Hakuwahi kumwandikia mtu yeyote kwamba wanaishi Burbank, sembuse habari za mlimau. Alishusha mapazia yote, akampigia simu kaka yake.

"Delbert, wametupata."

"Akina nani?"

"Watu wa Maxine. Wanajua hata mti wetu!"

"Si nilikwambia? Wewe dada una kichwa kigumu kama nyundo. Yule bibi akitushtaki hatutabakiwa hata na kijiko. Futa hilo jina, sasa hivi!"

"Na Mama nimwambie nini?"

Delbert hakurudia tena neno "futa". Naye alikuwa na mama huyo huyo.

Roslyn hakulifuta. Usiku huo hakupata usingizi. Kila gari lilipopita, alichungulia nyuma ya pazia. Alisikia pumzi za mama yake zikivutwa kwa shida upande wa pili wa ukuta, akalia kwa woga na kwa hasira, maana hakujua kipi kingetangulia, kifo au mawakili.

Asubuhi gari jeusi lilisimama chini ya mlimau. Akashuka mwanamume wa suti, akazunguka kufungua mlango wa nyuma. Fimbo ilitangulia kutoka, kisha kikongwe mwenye miwani myeusi. Sura ile Roslyn aliijua tangu utotoni. Maxine Delorme alikuwa amekuja mwenyewe.

"Rozi," Ardith aliita kwa sauti hafifu. "Nani huyo?"

"Hakuna mtu, Mama. Lala."

Kengele ililia. Roslyn alifungua mlango nusu.

"Wewe ndiye unayeandika kwamba wimbo si wangu?" kikongwe aliuliza.

"Ndiye mimi." Alishangaa sauti imetoka. "Na nyumba mtaichukua, lakini jina sifuti."

Maxine alinyoosha mkono, na yule wa suti akampa bahasha ya kaki.

"Shika."

Roslyn aliipasua akitegemea mihuri ya mahakama. Ndani mlikuwa na gazeti la asubuhi ile, limekunjwa kwenye picha ya Maxine, na juu yake kichwa cha habari cha herufi nene: SAUTI HAIKUWA YANGU, ILIKUWA YA ARDITH HRUSKA.

"Mwezi mzima nakuomba chanzo, mwanangu, wewe waniletea machozi," alisema kikongwe, yule Bubu mwenyewe, akivua miwani. "Ikabidi nikakitoe mwenyewe gazetini. Haya, nipeleke kwake kabla hajalala."