Mkojo wa Petru Hanganu

Saa tatu nzima zilikuwa zimepita na chupa ya mkojo bado ilikuwa kavu.

Petru Hanganu, mshindi wa tatu wa marathoni ya Athens, alikaa kwenye benchi akiwa amebana magoti, kijasho chembamba kikimtoka. Kando yake alikaa Tudose, mtu wa usalama aliyetumwa na serikali yao kutoka Bucharest awachunge wakimbiaji wawili, Petru na mkewe Viorica, wasitorokee ugenini. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Sheria ya chumba kile ni moja: hatoki mkimbiaji wala msindikizaji wake mpaka mkojo wa kupimwa dawa za kuongeza nguvu upatikane.

Tudose angeweza kubaki nje. Lakini mwenzake aliyemtangulia alimpa mkimbiaji kisogo dakika kumi tu, huko Vienna, na leo anapanga mifuko kwenye kiwanda cha saruji. Tudose ana watoto watatu. Hakutaka hata kupepesa jicho.

"Kojoa basi, ndugu yangu. Ndege ni saa mbili."

"Hautoki, komredi."

Daktari Kalliga, aliyekuwa akifuma sweta, alimwambia Tudose asimlaumu bure. Mtu akikimbia kilomita arobaini na mbili, maji yake huishia kwenye jasho, damu huhamia miguuni, na figo hushika kila tone kama bahili. Wengine wamekaa humu mpaka jua likazama. Akamfungulia Petru bia ya nne. Petru akaimaliza kwa mkupuo mmoja, akabana magoti zaidi.

Chumba kilianza kumsonga Tudose. Huyu amemeza dawa, aliwaza, anaogopa kipimo. Ikijulikana, atakayelaumiwa ni nani?

"Umemeza nini?"

"Maji tu. Kwenye kila meza njiani."

Afadhali Viorica. Alimaliza wa ishirini, hakuitwa kupimwa, na mapaja yalimkakamaa hata ngazi za hoteli akazipanda kwa kutambaa. Tudose alimwacha kitandani akilia kwa maumivu, na pasipoti zao zote mbili alikuwa nazo mfukoni. Mtu wa hali ile angekwenda wapi?

Saa kumi na moja simu ikalia. Daktari akasikiliza, akampa Tudose. Alikuwa karani wa hoteli. Mama wa chumba namba nane ameacha ufunguo, alisema, na hajarudi. Alitoka saa nane na robo, na kibegi mkononi. Ndiyo, kwa miguu. Ngazi alizishuka mbili mbili.

Tudose aliuvamia mlango, akautikisa.

"Sheria ni sheria," daktari alisema, bila kuinua macho kwenye sweta lake.

Petru akainuka kwenye benchi taratibu.

"Daktari," alisema, "naomba hiyo chupa."

Ikajaa mpaka mdomoni, akaomba nyingine.