Jirani wa Dawati

Kimya alikata kifutio chake vipande viwili. Kimoja akabaki nacho, cha pili akakisogeza upande wa pili wa dawati, ambako hakukuwa na mtu.

"Unaona, sista?" mwalimu mkuu alinong'ona dirishani. "Ndiyo kazi yake tangu muhula uliopita."

Muuguzi wa zahanati aliandika kwenye fomu. Mama Kimya alisimama nyuma yao akiviringisha ncha ya mtandio. Kaka yake mama, mjomba wa Kimya, naye alianzia hivihivi, shuleni, akiwa na umri huuhuu wa miaka kumi na miwili. Siku hizi hubishana na redio, na redio ikizimwa hudai ameshinda.

"Ana marafiki?" muuguzi aliuliza.

"Huyo wa hewa," mwalimu mkuu alijibu.

"Mapumziko anacheza?"

"Anaruka kamba. Mwisho mmoja anaushika mwenyewe, mwingine anaufunga kwenye nguzo. Basi nguzo ndiyo shoga yake wa pili."

"Na masomo?"

"Wa nne kati ya arobaini. Akili anazo, sista, tena nadhani zimezidi."

Muuguzi aliingia darasani, akachuchumaa kando ya dawati.

"Mwanangu, hapa amekaa nani?"

"Mwenzangu."

"Umewahi kumwona?"

"Bado."

"Huwa anakuambia chochote?"

"Hapana. Ila ananishinda kwenye matokeo ya ukutani. Yeye wa tatu, mimi wa nne."

Watoto wengine wote waliinamia madaftari. Mwalimu mkuu alicheka, peke yake, kwa sauti.

"Unasikia mambo hayo!"

Nje, muuguzi alikunja fomu. "Haoni kitu, hasikii kitu. Ni mpweke tu. Kwa sababu ya mjomba wake nitarudi muhula ujao kumwangalia. Lakini dawa yake ni wenzake. Asitolewe darasani."

Mama aliuachia mtandio.

"Atolewe?" Mwalimu mkuu alishika kifua. "Sista, tukipungua arobaini darasa linafungwa! Jina la huyu mtoto haligusi mtu."

Muuguzi hajafika hata getini, begi la Kimya likaletwa ofisini.

"Akapumzike nyumbani kwanza, mama. Anatia wenzake wasiwasi. Wewe usihofu, nafasi yake ipo."

Wiki tisa Kimya alikaa nyumbani, kamba yake ameifunga kwenye kitasa cha mlango wa jikoni. Kila asubuhi alivaa sare, akauliza kama ni leo.

Siku ya kufunga shule mama hakuvumilia, akaenda kuuliza mtoto atarudi lini. Mwalimu mkuu alikuwa na haraka, akampa bahasha ya ripoti yenye jina la Kimya. Mama aliifungulia palepale mlangoni, akasoma huku kidole kikifuata mistari:

Mahudhurio: hajakosa hata siku moja. Nafasi: wa pili kati ya arobaini. Maoni: amechangamka sana muhula huu, yeye na jirani yake wa dawati sasa hawaachani.