Rambirambi Zangu

Tangu wakubwa waamue kila nyumba iwe na kioo ukutani cha kufuatilia tunayotafuta na tunayosema, sijapata kulia peke yangu. Mke wangu Mwantumu alikufa mwezi wa tatu. Kioo kikaendelea kumtangazia khanga mpya kwa jina lake, na mimi kikaniletea picha za wajane wanaotafuta mume. Nilikwenda ofisini kwao mara nne. Wenye viti vya kuzunguka waliniambia nisubiri.

Juzi Bi Nuru, fundi simu, aliniwekea kwenye kioo vizuizi vitatu vya matangazo, akazima maikrofoni, akafuta kumbukumbu zote.

"Sasa hawakuoni, mzee."

Kioo kikanyamaza. Nililala usingizi wa pono.

Asubuhi nikakuta majirani wanatandika mikeka uani. Shemdoe wa nyumba ya pili aliponiona, nusura adondoshe sufuria la pilau.

"Wewe Kaniki, si umekufa? Vioo vyote mtaani vimetangaza msiba wako."

"Nimezima ufuatiliaji tu."

"Basi washa, watakuondoa kwenye orodha ya marehemu."

"Pakua kwanza, pilau linapoa."

Tulikula, wakanitania, nikacheka kwa mara ya kwanza tangu Mwantumu aondoke. Kioo sikukiwasha.

Leo nimekwenda zahanati kuchukua dawa ya presha, lakini mlango, unaotambua walio hai kwa orodha ile ile, haukunifungukia. Nimerudi nyumbani taratibu, na hakuna aliyeniuliza natoka wapi.